Kuipoza na kuinyamazisha Ryzen 7 5800X: shajara ya mradi

Jumamosi. Hali ya mwanzo

Kompyuta inakaa chini ya meza ambayo juu yake kuna maikrofoni. Mchana naitumia kurekodi na kuhariri sauti. Usiku inachakata picha za Blender, programu ya kutengeneza picha za pande tatu. Mvumo wa feni unaingia kwenye kila rekodi, na programu ya kusafisha kelele inapoufuta, hufuta pia pumzi na herufi laini za msemaji. Nataka vitu viwili. Ninaporekodi, maikrofoni isisikie feni. Kazi nzito ikiendelea, feni ziwe na sauti moja ya chini isiyopanda na kushuka. Joto lenyewe sina ugomvi nalo, ilimradi lisivuke mpaka wa prosesa.

Prosesa ni Ryzen 7 5800X ya viini 8, iliyoingia sokoni Novemba 2020, nayo huuzwa bila kipoza ndani ya boksi. Juu yake nimefunga mnara mmoja wa mapezi ya alumini wenye mabomba manne ya joto na feni ya milimita 120. Kasha lina feni mbili mbele na moja nyuma. Kwenye maelezo ya prosesa AMD imeandika wati 105, na wengi huzisoma kama kiwango cha juu cha umeme. Sivyo. Kiasi ambacho prosesa inaruhusiwa kuvuta kupitia soketi huitwa PPT, na kwa prosesa za wati 105 za soketi ya AM4 kiasi hicho ni wati 142. Mpaka wa joto ni nyuzi 90 za Selsiasi. Ikifika hapo haiungui. Inapunguza gigahezi hadi joto libaki ndani ya mpaka.

Vipimo vya leo, chumba kikiwa na nyuzi 27: bila kazi, prosesa iko nyuzi 45, lakini inaruka hadi 60 kila nikifungua ukurasa wa intaneti. Blender ikichakata, nyuzi 89, wati 128, feni ya prosesa mizunguko 1,850 kwa dakika, na picha yangu ya majaribio inakamilika kwa dakika 10 na sekunde 20. Picha hiyo hiyo nitaitumia kwa vipimo vyote vitakavyofuata.

Neno moja kuhusu upimaji. Kipimajoto cha chumba nimekiweka mbele ya kasha, pale hewa inapoingilia, na ninachoandika daftarini ni tofauti kati yake na prosesa. Leo tofauti ni nyuzi 62. Chumba kikipanda hadi 31, mashine hii hii itagonga mpaka wake na kupunguza kasi bila kitu chochote kuharibika. Watu wanaolinganisha joto la prosesa zao bila kutaja joto la chumba wanalinganisha hali ya hewa. Sauti naipima kwa kurekodi usiku, maikrofoni ikiwa mahali pale pale na kiwango cha kunasa sauti kikiwa kile kile. Programu za simu za kupimia desibeli siziamini kwa kazi hii, kwa kuwa maikrofoni ya simu ina mvumo wake yenyewe unaofunika sauti ndogo ndogo, na hizo ndizo ninazozitafuta.

Jumapili. Joto linakwama wapi?

Kabla ya kununua chochote, swali la kwanza ni hili. Jaribio lake halihitaji kifaa chochote: endesha kazi nzito mpaka joto litulie, kisha ondoa ubavu wa kasha na usubiri dakika kadhaa. Joto likianguka sana, nyuzi kumi hivi, kasha halipumui. Likishuka kidogo tu, kasha halina hatia, na kikwazo kiko kati ya silikoni na mapezi.

Kwangu lilishuka nyuzi 4. Chujio la mbele lilikuwa limefunikwa na vumbi kama blanketi, nikaliosha kwa maji na kulianika. Lilipokauka nikarudia jaribio, na tofauti ikawa nyuzi 2. Kwa hiyo kasha ni zima, na pesa za feni mpya za kasha zinabaki mfukoni.

Hesabu inakubaliana na hilo, na inafaa kuielewa kwa sababu inaondoa hofu nyingi. Lita moja ya hewa inayopita kila sekunde hubeba takriban wati 1.2 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Nikitaka kutoa wati 130 huku hewa ikipanda nyuzi 10 tu, nahitaji lita 11 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 40 kwa saa. Feni nzuri ya milimita 120 hufika huko bila kukimbia. Hewa basi si haba. Kinachobana ni safari ya joto kabla halijakutana na hewa.

Safari hiyo inaanzia mahali padogo sana. Viini vyote 8 vimo ndani ya kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la takriban milimita za mraba 81. Kando yake kuna kipande cha pili cha kuingiza na kutoa data, kilichotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12, ambacho nacho kinakula sehemu ya wati. Hata ukikiondoa kwenye hesabu, viini vinabaki na zaidi ya wati moja kwa kila milimita ya mraba. Joto hilo lazima lipenye kifuniko cha shaba, lipite kwenye pesti (krimu ya kupitisha joto inayopakwa kati ya prosesa na kipoza), liingie kwenye kitako cha kipoza, ndipo liyafikie mabomba. Ndani ya bomba la joto kuna maji machache kwenye shinikizo dogo. Yanachemka upande wa prosesa, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unageuka maji na kurudi kupitia utambi wa shaba. Sehemu hiyo ya safari ni ya haraka mno. Foleni iko chini, kwenye zile milimita za mraba 81, na hakuna feni inayoweza kuifikia.

Ndiyo maana kipoza kikubwa maradufu hakipunguzi tofauti ya joto kwa nusu. Ndiyo maana pia sikukimbilia kipoza cha maji. Maji yanahamisha joto hadi kwenye rejeta yenye feni zake, na yanaongeza pampu ambayo haina ukimya kamili hata mashine ikiwa haifanyi kazi. Kwa prosesa ya wati 250 ningefikiri tofauti. Kwa hii, hapana.

Jumatatu usiku. Pesti

Onyo kwa wenye soketi ya AM4: pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na soketi inazibana kwa wenzo mdogo tu. Pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoza na kuzipinda pini. Endesha kazi nzito dakika chache ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

Pesti ya zamani ilikuwa imekonda katikati na kujikusanya pembeni. Hivyo ndivyo inavyochakaa: chuma kinapanuka na kusinyaa kila mashine inapopata moto na kupoa, na kila safari kinaisukuma nje kidogo. Nimefuta kwa spiriti ya isopropili. Kwa kuwa kipande chenye viini hakiko katikati ya kifuniko bali kimesogea upande mmoja, nimetandaza pesti mpya uso mzima, utando mwembamba, badala ya kuweka tone moja katikati. Skrubu nimezikaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, ili kitako kishuke sawasawa.

Faida ni nyuzi 3. Inatosha.

Jumatano. Wati ndizo chanzo

Leo ndipo mradi ulipobadilika. Kwenye BIOS, yaani programu ya ubao mama inayowaka kabla ya mfumo, kuna Eco Mode, ambayo kwa prosesa hii inashusha PPT kutoka wati 142 hadi 88. Niliiwasha, nikaendesha picha ya majaribio, nikaacha feni kwenye mpangilio wake wa kiwandani.

Joto: nyuzi 68. Wati: 88. Feni: mizunguko 1,200. Muda: dakika 11 na sekunde 10.

Wati zimepungua kwa karibu theluthi moja, muda umeongezeka kwa asilimia 8. Kazi zinazotumia kiini kimoja, kama kufungua programu au kuhariri sauti, hazijaguswa hata kidogo, kwa sababu kiini kimoja hakina uwezo wa kuvuta wati 88.

Sababu ya biashara hii kuwa nzuri hivi iko kwenye kanuni ya sakiti zenyewe. Umeme unaotumika wakati wa kazi unakwenda sambamba na masafa, yaani hizo gigahezi, mara volti kipeo cha pili. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, umeokoa asilimia 19 ya umeme kabla hujagusa gigahezi. Sasa, prosesa inapolazimishwa kutoka gigahezi 4.2 hadi 4.5 kwenye viini vyote, haidai masafa peke yake. Inadai volti za kuyashikilia. Gigahezi za mwisho ndizo ghali kuliko zote, na kiwandani huwashwa kwa sababu ndizo zinazoamua nafasi ya prosesa kwenye majedwali ya wapimaji. Nyumbani hakuna jedwali. Kuna kazi inayotakiwa kwisha na sikio linalotakiwa kupumzika.

Nimetumia hali hii mpya kwa jaribio nililolitamani tangu mwanzo: wati nimezishikilia kwenye 88, nikabadilisha kasi ya feni peke yake na kusubiri joto litulie kila mara. Kwenye mizunguko 1,800, nyuzi 65. Kwenye 1,400, nyuzi 67. Kwenye 1,000, nyuzi 70. Kwenye 700, nyuzi 76.

Tazameni mwendo huo. Kutoka 1,000 hadi 1,800 nimenunua nyuzi 5. Kelele iliyolipwa ni kubwa: sauti ya feni hupanda takriban desibeli 15 kila kasi inapoongezeka maradufu, na kutoka 1,000 hadi 1,800 ni kama desibeli 13. Kwa kawaida sikio huzisikia desibeli 10 kama sauti iliyokuwa kubwa mara mbili. Nyuzi 5, kwa prosesa iliyo nyuzi 20 chini ya mpaka wake, hazinifai kitu. Upande wa chini, kutoka 1,000 hadi 700, joto linaanza kupanda haraka, na hapo najua mnara huu unafika mwisho wake. Makao yake ni kati ya 800 na 1,000.

Historia ya prosesa za nyumbani inasema jambo lile lile. Mwaka 2004 Pentium 4 za Intel za kizazi cha Prescott zilifika wati 115 zikifukuzia gigahezi, na mwaka huo huo Intel ikaifuta Tejas iliyokuwa iwe mrithi wake. Waliporudi na Core 2 Duo mwaka 2006, walirudi na wati 65, gigahezi pungufu na kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo, wakijenga juu ya kazi iliyofanywa kwa ajili ya kompyuta za mapajani. Kompyuta za mezani zikapata utulivu bila feni yoyote mpya kuvumbuliwa.

Ijumaa. Kupunguza volti, kiini kwa kiini

Eco Mode inakata wati kwa kikomo. Hatua ya leo ni kuifanya kila wati ifanye kazi zaidi. Prosesa zote za aina moja hupewa jedwali la volti lenye akiba ya kutosha ili hata ile dhaifu iliyopita ukaguzi ifanye kazi kwenye ubao mama mbovu, ndani ya chumba chenye joto. Nyingi hazihitaji akiba yote hiyo. Kwa kizazi hiki AMD imeweka kifaa kiitwacho Curve Optimizer ndani ya BIOS: unateremsha jedwali la kila kiini kwa hatua, hadi hatua 30 chini ya sifuri, na kila hatua ni takriban milivolti 3 hadi 5.

Viini havilingani. Programu za kusomea vihisi zinaonyesha viini vilivyowekewa alama ya ubora kiwandani, na mtu angetarajia hivyo ndivyo vivumilie kuteremshwa zaidi. Ni kinyume chake. Kiini bora tayari kimepewa volti ndogo kwa masafa yake makubwa, hivyo akiba yake ni nyembamba. Kwangu viini viwili bora vimekubali hatua 10 tu, na sita vilivyobaki vimekaa kwenye 25.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, na nataka kulisema wazi. Kuendesha Blender usiku kucha bila kuanguka hakuthibitishi kitu kuhusu Curve Optimizer. Kazi ya viini vyote inabanwa na kikomo cha wati, masafa yanakuwa ya wastani, na kila kiini kiko kwenye sehemu salama ya jedwali. Hatari iko kwenye kazi nyepesi: kiini kimoja kinaporuka peke yake hadi gigahezi 4.8 kwa nusu sekunde kisha kulala tena. Mashine inajizima ukiwa unasoma barua, na unalaumu programu. Basi jaribio sahihi ni kukibana kila kiini peke yake. Natumia mprime, yaani Prime95 ya Linux, programu ya kuibana prosesa kwa hesabu nzito, ikifungwa kwenye kiini kimoja kwa amri ya taskset, saa nzima kwa kila kiini, kisha naacha mashine bila kazi yoyote kwa muda mrefu. Hesabu ikikosewa, mprime inasema. Makosa ya maunzi yanaonekana pia kwenye dmesg, yaani kumbukumbu za kiini cha mfumo wa Linux. Kiini kinachotoa kosa nakirudishia hatua 5 na kuanza upya.

Ni kazi ya subira na haina njia ya mkato ninayoiamini. Malipo yake ni haya: kwa wati zile zile 88, picha ya majaribio sasa inachukua dakika 10 na sekunde 35. Sekunde 15 nyuma ya hali ya kiwandani, kwa wati 40 pungufu. Joto limebaki nyuzi 68, jambo la kutarajiwa, kwani wati ni zile zile. Kilichoongezeka ni kazi.

Jumamosi. Grafu ya feni

Sikio huzoea mvumo usiobadilika. Linachokamata, hata mtu akiwa amezama kwenye kazi, ni badiliko. Kompyuta inayovuma kwa desibeli fulani muda wote inasumbua kidogo kuliko ile tulivu zaidi ambayo kila dakika inashtuka, inapumua kwa nguvu, na kutulia. Na prosesa hizi ndogo za nanomita 7 zinashtuka sana: fungua ukurasa mmoja, kihisi kinaruka nyuzi 15 ndani ya sekunde moja na kurudi, wakati mapezi hayajapata hata nyuzi moja. Feni inayofuata kihisi inakimbiza kitu ambacho hakipo tena.

Kwa hiyo grafu yangu haifuati kihisi kwa karibu. Chini ya nyuzi 62 feni ya prosesa iko kwenye mizunguko 650, mstari mlalo kabisa. Kutoka 62 hadi 75 inapanda polepole hadi 950. Kutoka 75 hadi 84 inasimama hapo hapo kwenye 950. Zaidi ya 84 inapanda wima, kwa sababu joto hilo linamaanisha kwamba kuna kitu kimeziba au feni nyingine imekufa, na kelele wakati huo ni taarifa ninayoitaka. Nimeongeza pia muda wa kusubiri: feni haianzi kupanda mpaka joto lidumu kwa sekunde kadhaa, na kushuka ni kwa taratibu zaidi ya kupanda. Ubao mama mwingi una mpangilio huo kwenye ukurasa wa feni ndani ya BIOS, ingawa kila mtengenezaji anauita jina lake. Nimeupendelea kuliko programu ya ndani ya mfumo, kwa sababu unafanya kazi hata mfumo ukikwama au ukibadilishwa.

Jambo la waya: feni ya pini nne inapokea amri ya kasi kwa mapigo ya umeme ya kilohezi 25, juu ya uwezo wa sikio, na inaweza kushuka chini sana bila kukoroma. Ya pini tatu inaongozwa kwa volti. Ukiipa volti ndogo mno haina nguvu ya kuanza. Feni zangu mbili za mbele ni za pini tatu. Kwenye BIOS lazima tundu lake liwekwe kwenye hali ya volti, vinginevyo inazunguka kwa kasi yote muda wote na mtu anadhani feni ni mbovu.

Feni za kasha hazina haja ya kujua kinachoendelea ndani ya prosesa. Nimezifunga kwenye kihisi cha ubao mama, ambacho hupanda na kushuka kwa mwendo wa dakika.

Jumapili. Milio isiyotokana na upepo

Baada ya upepo kutulia, vilivyokuwa vimefichwa ndani yake vimejitokeza. Sehemu hii imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu kila mlio una saini yake na unaweza kumtafuta mwenyewe.

Wa kwanza ulikuwa ngurumo ya chini iliyotokea feni ikipita karibu na mizunguko 900 na kupotea ikizidi au kupungua. Nilirekodi nikaitazama kwenye chati ya masafa: hezi 135. Feni ya prosesa ina mapanga 9. Mizunguko 900 kwa dakika ni 15 kwa sekunde, mara 9 ni 135. Kumbe kila panga linapopita ukingo wa fremu linasukuma hewa mara moja, na masafa hayo yanalingana na mtikisiko wa asili wa ubavu wa chuma wa kasha. Kugusa ubavu kwa kiganja kulikata ngurumo papo hapo, na huo ndio uthibitisho. Nimebandika ukanda mzito wa lami ya kuzuia mtikisiko katikati ya ubavu, sehemu inayocheza zaidi, na nimepanga grafu ivuke 900 haraka bila kutulia hapo.

Wa pili ni mvumo unaokuja na kuondoka kama wimbi, kila baada ya sekunde chache. Hizi ni feni mbili za mbele: za aina moja, lakini moja inazunguka taratibu kuliko mwenzake kwa tofauti ndogo mno, na sauti zao zinaungana na kupingana kwa zamu. Kuna dawa mbili: kuzilazimisha zilingane kabisa, ambayo kwa feni za volti haiwezekani, au kuzitenganisha wazi. Moja sasa iko 600 na nyingine 720. Wimbi limekwisha.

Wa tatu ni mluzi kwenye feni ya nyuma, na kosa lilikuwa la bati. Kasha lina wavu uliokatwa kwenye bati lenyewe, milimita chache kutoka kwenye mapanga. Hewa inapopasuliwa karibu hivyo hupiga mluzi. Nimeweka fremu tupu ya feni ya zamani kati yao, bila mota wala mapanga, ili kuongeza nafasi, na mluzi umepungua sana. Skrubu za feni zote nimezibadilisha kwa vishikio vya mpira.

Wa nne si feni kabisa: mlio mwembamba wa koili kwenye kadi ya picha, unaobadilika nikisogeza kurasa kwenye skrini. Huo hauponi kwa feni wala mpira. Nimeuandika pembeni.

Jumatano. Hali ilivyo

Ninaporekodi: feni ya prosesa 650, nyuma 600, mbele 600 na 720. Kwenye rekodi ya dakika moja ya chumba kitupu, mvumo wa kompyuta sasa uko chini ya mvumo wa maikrofoni yenyewe, na programu ya kusafisha kelele nimeizima. Herufi laini zimerudi.

Blender ikichakata: wati 88, joto kati ya nyuzi 70 na 72 chumba kikiwa na nyuzi 27, feni ya prosesa mizunguko 920, na haisogei hapo tangu dakika ya nne hadi picha iishe. Kutoka 1,850 hadi 920 ni karibu desibeli 15.

Kwa kazi za usiku nimeongeza hatua moja zaidi. Linux inaruhusu kuzima mruko wa masafa bila kuwasha mashine upya, kwa kuandika 0 kwenye faili ya boost chini ya /sys/devices/system/cpu/cpufreq. Prosesa inabaki kwenye gigahezi zake za msingi, 3.8, wati zinaanguka chini ya 65, na feni haivuki 750. Picha inachelewa zaidi ya dakika moja. Usiku dakika hiyo haina mwenyewe. Mchana siitumii, kwa sababu kushuka kutoka gigahezi 4.7 hadi 3.8 kwenye kiini kimoja kunaonekana kwenye kila kitu unachobofya. Nimeandika hati ndogo inayozima mruko Blender inapoanza foleni ya usiku na kuuwasha foleni ikiisha.

Kilichonunuliwa ni pesti, vishikio vya mpira na ukanda wa lami. Mnara ni ule ule, feni ni zile zile.

Kazi zilizobaki ni mbili. Chujio la mbele litaoshwa kila tofauti ya joto daftarini ikipanda nyuzi 3 juu ya ilivyo leo. Sitafuata kalenda, kwa kuwa vumbi halina ratiba. Na kadi ya picha inafuata: nitaanza kwa kuishushia kikomo cha wati, kisha nisikilize koili inasemaje ikivuta umeme kidogo, kabla sijagusa feni zake.